Gari la Baba Lilikuwa Rangi Gani?

Nyumba ya kona, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiberiti,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Mgongo je? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa? Mimi sijambo. Goti la kulia linanisumbua nikipanda ngazi, basi nimeacha kupanda ngazi. Presha imetulia. Nalala, naamka, nashukuru.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukidhani kuna msiba. Hakuna msiba. Nimeona tu kwamba kwenye simu nikikuandikia mistari kumi unanijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba. Kidole gumba, Kiberiti! Mimi niliyekufunga kamba za viatu mpaka ukafika darasa la tatu. Karatasi haina kidole gumba, ndiyo maana nimeishika. Nina swali moja la kukuuliza, na nataka unijibu kwa kalamu. Swali lenyewe linahusu gari la Baba.

Naam, Shangazi bado yupo. Wifi asipoelewa, msomee hapa: gari hilo Baba aliazimwa na mkubwa wake wa kazi kwa wiki mbili, likabaki kwetu maisha yote, na ndipo Mama akalibatiza Shangazi, kwa sababu lilikuja kusalimia likaning'iniza nguo zake. Nakumbuka ulivyosema siku tuliyotoka kumzika Baba, kwamba tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikakujibu mbele ya watu kwamba chuma chakavu ni wewe. Kesho yake uliondoka bila hata kunywa chai, na huu ni mwaka wa sita. Nilikosa, mdogo wangu. Nilikuwa na uchungu, ukakumwagikia wewe uliyekuwa karibu. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile pale mlangoni.

Sasa habari za Shangazi. Mvua zilizopita nilikuwa naendesha kwenda kuchukua dawa, nikahisi mguu umelowa. Kutazama chini, naona barabara. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi pakawa na tundu la kupitisha ngumi. Fenda zote mbili za mbele, yale mabati ya juu ya magurudumu, nazo zilikuwa zimetoboka, na buti likifungwa linamwaga unga mwekundu. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi tangu nistaafu sina pa kwenda asubuhi, na nyumba hii inanyamaza mno. Nikampeleka kwa fundi.

Fundi bodi anaitwa Taratibu, na hilo jina hakupewa bure. Karakana yake iko nyuma ya duka la matairi: mabati juu, mafuta chini, harufu ya thina ya kuyeyushia rangi inakupokea kabla hujamwona mtu. Nilianza kwenda kila siku na kigoda changu na chupa ya chai, nasema nakwenda kusimamia. Siku ya tatu akaniletea kipande cha msasa.

"Mama," akasema, "kama ni kukaa, kaa na kazi."

Basi nikawa nasugua. Yeye anakata bati bovu, anachomelea bati jipya, anagonga kwa nyundo, anajaza mabonde kwa puti, na mimi nafuata nyuma na msasa na ndoo ya maji. Usicheke. Miaka thelathini na mmoja nimekaa masjala nikipanga mafaili ya watu, sikujua kwamba mikono hii inaweza kulainisha mlango. Mara moja moja Taratibu anapitisha kiganja juu ya nilipomaliza, halafu anasema, "Hapa sawa." Nakuambia ukweli, kuna siku hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa na mtu kutoka asubuhi mpaka jioni.

Na unajua nilivyo. Kitu nikikishika nakimaliza. Nilisugua nje, nikasugua kingo za milango, nikasugua chini ya raba za vioo na ndani ya buti, mpaka Shangazi mzima akawa bati tupu linalong'aa. Nilijisifu sana.

Hapo ndipo akaja mpiga rangi, mtu wa maneno machache. Akanieleza kwamba rangi ya juu ya gari kuukuu haiaminiki, jua limeshaipausha. Anayetaka rangi ya asili hutafuta mahali ambapo jua halijawahi kufika, na mahali pa kwanza ni upande wa ndani wa kile kilango kidogo kinachofunika mdomo wa tangi la mafuta. Kwa bahati, hicho nilikuwa nimekifungua mapema nikakihifadhi kwenye leso. Nikampa kwa heshima zote. Nikaapa kabisa: hii ndiyo rangi yake, shika hii.

Akachanganya, akapiga boneti kwanza tuone. Ilipokauka nikaitwa. Kiberiti, moyo ulinishuka. Lilikuwa boneti zuri, linang'aa unaweza kujitazama, lakini halikuwa letu. Nilizunguka mara mbili. Nikajiambia labda ni mwanga. Nikajiambia labda ni macho ya uzee. Nilifika nyumbani, nimesimama jikoni, nimeshika kisu cha mkate, ndipo nikakumbuka.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulisikia Baba akisema gari lina kiu, ukachukua kisu cha mkate cha Mama ukang'oa kile kilango, ukamimina birika zima la maji kwenye tangi. Baba alikukimbiza kuzunguka nyumba na kandambili moja, nyingine imemtoka. Kilango kilivunjika vipande viwili, naye akaenda akanunua kingine kutoka gari lililokufa. Rangi zilikaribiana tu. Alisema atakipaka wiki ijayo, na wiki ijayo ya Baba unaijua. Kwa hiyo nilikuwa nimempa mpiga rangi kipande cha gari la watu, nikaapa juu yake.

Taratibu aliposikia alikaa chini juu ya tairi. "Mama, hukubakiza hata kidole kimoja cha rangi ya zamani?" Sikubakiza. Sakafu tulishaitupa. Kibati cha namba ya rangi kilikwenda na kutu zamani. Miaka thelathini na mmoja masjala sijapoteza faili hata moja, na sasa nimepoteza rangi ya gari zima kwa mikono yangu miwili.

Nikatoa albamu. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa ile ya siku uliyoanza shule, nayo imegeuka njano yote, gari njano, ukuta njano, hata uso wa Mama. Nikavuka barabara kumuuliza mzee fundi cherehani, aliyetuona tukikua. Akafikiri sana, akavua miwani, akaniambia lilikuwa na rangi ya gari tu.

Siku tatu nilikaa najaribu kukumbuka. Siku ya kwanza nikifumba macho naliona la kijani, tena niko tayari kula kiapo. Ya pili naliona linaelekea samawati. Ya tatu sikuona kitu. Gari ambalo nimepandishwa nikiwa na homa, nimefundishwa kuendesha, nimempeleka Mama hospitali safari ile ambayo hakurudi! Nikatafuta nani mwingine aliyekuwa ndani yake nimuulize, unakumbuka? Mama hayupo, Baba hayupo. Nikakuta mtu mwenyewe ni wewe peke yako. Sikuwa nimewahi kuhesabu hivyo, na nilipohesabu niliogopa.

Ndiyo ule ujumbe niliokutumia mwezi uliopita: gari la Baba lilikuwa rangi gani? Huenda ulikuwa kazini, huenda hukusoma. Ulinijibu kidole gumba.

Sikukasirika, nisikudanganye, niliumia. Niliizima simu nikaiweka kwenye droo ya vijiko.

Sasa sikiliza mambo ya vijiko. Wiki iliyopita Taratibu akasema kabla ya lolote atengeneze kioo cha mlango wa nyuma kushoto, mlango wako, ambacho hakijashuka tangu ukiwa mtoto. Akabandua lile pambo la ndani la mlango. Chini kabisa, ndani ya mlango, akatoa penseli mbili, kitana, gurudumu la kigari chako cha bati, na kijiko. Kijiko cha Mama chenye ua kwenye mpini! Kile kilichopotea nikachapwa mimi, tena mbele ya wageni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naosha vyombo. Kumbe ulikuwa unavitumbukiza vitu kwenye ule mfereji kioo kinamoshukia, safari nzima, umekaa kimya na uso wa malaika. Nilicheka mpaka mpiga rangi naye akacheka.

Kisha nikainama kuangalia kama kuna kingine, na humo ndani, upande wa ndani wa bati, mahali ambapo msasa wangu haukufika wala jua, rangi ilikuwepo. Pana kama viganja viwili. Haijapauka hata kidogo. Rangi ile ile, kama siku Baba alipoingia nalo uani akipiga honi na Mama akatoka na unga mikononi.

Nilipiga ukelele. Nikageuka kumwita mtu aje aone. Taratibu alikuwa amesimama pale pale, akachungulia, akasema kwa adabu, "Rangi nzuri, Mama," akarudi kwenye nyundo yake. Hakukosea. Kwake ilikuwa ni rangi. Mimi nikaingia kiti cha nyuma, upande wangu wa kulia, nikaangalia upande wako, nikalia pale karakana mchana kweupe na watu wanapita na matairi. Nimechoka kukumbuka peke yangu, Kiberiti. Mtu akikumbuka peke yake hana wa kumbishia, na bila wa kumbishia hajui kama ni kweli.

Nikuambie jambo moja. Ilivyo humo mlangoni siyo ile niliyokuwa tayari kuilia kiapo nikifumba macho. Nilikosea kabisa.

Kwa sasa Shangazi amepakwa praima tu, ile ya kijivu inayotangulia rangi yenyewe. Boneti nalo tumelikwangua. Mpiga rangi ameshapima kipande cha mlangoni, anaweza kuchanganya siku yoyote. Nimemwambia asubiri. Taratibu hanielewi. Anasema praima si koti la mvua, inanyonya maji, na mawingu yameanza kujikusanya kila alasiri. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo kutu itaanza upya chini kwa chini na jasho langu lote litakuwa la bure.

"Si rangi tumeipata, Mama?" ananiuliza kila asubuhi.

Namwambia tumeipata, lakini faili halifungwi kwa sahihi moja.

Kwa hiyo sikuambii ni rangi gani. Niandikie wewe kwanza. Usiulize watu, usitafute picha, kaa chini, fumba macho, ujiweke kwenye kile kiti cha kushoto na kijiko cha mama yetu mkononi, uniambie gari la Baba lilikuwa rangi gani. Ukikosea si kitu, hata mimi nilikosea, na Shangazi atapakwa ile ya mlangoni vyovyote iwavyo. Ukiwa umesahau, andika kwamba umesahau. Lakini andika, nijue kwamba tulikuwa wawili kwenye kiti kile.

Nimekutilia humu karatasi tupu, na bahasha ya pili niliyokwisha kuiandika anwani yangu, usije ukasema hukuwa na pa kuandikia.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ule mtandio alioniachia bado naufunga. Wasalimie watoto mmoja mmoja, waambie wana mashangazi wawili huku, mmoja ametolewa kutu na mwingine anangoja zamu yake. Mzee fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama ulirefuka. Mungu akulinde kazini na njiani, awape afya, na mikate yenu isipungue mezani.

Lile neno la chuma chakavu nimelifuta. Nakuomba na wewe ulifute.

Nangoja, na mawingu nayaangalia.

Wako asiyekuchoka, anayekupenda tangu ulipoletwa nyumbani ndani ya gari lile lile,

Dada yako.