Plasta ya Vidole vya Hosea Pettway

Mwaka mzima umepita, baba yetu mpendwa Hosea Pettway, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Novemba hapa Tolliver, Alabama. Kiti chako kipana barazani bado hakijapata wa kukijaza.

Kwa miaka mingi ulikuwa mlinzi wa mstari wa mbele katika futiboli ya Kimarekani. Uliinama, mkono mmoja nyasini, ukasubiri mpira uondoke; kisha wanaume wawili wenye mwili kama wako wakakuangukia kwa pamoja, nawe ukawashikilia ili mwenzako mwenye mpira apite bila kuguswa. Aliyepita ndiye aliyeshangiliwa. Hukuwahi kulalamika.

"Pettway, wewe mtu au ukuta?" mpinzani mmoja alikuchokoza.

"Muulize mwenzako hapo chini," ukamjibu, "akiamka."

Wahudumu wa timu walikuwapo, lakini kabla ya kila mchezo wa nyumbani uliwapita ukaenda maegeshoni, garini kwa mkeo Verlene, akufunge plasta vidole vyako vilivyopinda. Ncha ya kila plasta aliikunja ikawa kama kisikio, ili upate pa kuanzia kuibandua.

"Kaza, mke wangu! Hawa si wachumba, ni mafahali!"

Tunaamini mchezo ulikudai zaidi ya ulivyokuahidi. Mapigo yale yote ya kichwa yalikunyang'anya majina yetu, moja baada ya jingine, na la Verlene likaenda pia. Kilichobaki ni mikono: kila asubuhi uliinyoosha ifungwe, na isipofungwa hukutulia. Verlene akakufunga. Jioni tulizikata plasta kwa mkasi, hivyo aliacha kuzikunja.

"Dada, una mkono mwepesi," ulimwambia. "Ila usikae sana. Mke wangu yuko njiani, na ana wivu huyo!"

Alicheka nawe. Kisha aliingia jikoni, akafungulia maji ya bomba ili usimsikie. Alitamani jambo moja tu: umjue tena, japo mara moja, kabla hujaondoka.

Wiki yako ya mwisho mkasi ulipotea, naye akazikunja ncha kama zamani. Kidole gumba chako kilikipapasa kisikio kimoja, kikaondoka, kikarudi.

"Verlene," ulisema. "Kumbe umeshafika? Mbona husemi?"

"Si nakufunga, mpenzi. Tulia."

Bado anaamka kabla yetu sote. Hukata kipande cha plasta, hukunja ncha yake, kisha hukaa nacho, hana mkono wa kuufunga.

Unakumbukwa na mkeo Verlene, wanao Jerusha na Amos, dada yako Idella, na wenzako wa mstari wa mbele waliobaki.

Hakuna siku tutakayoacha kukuita kwa jina lako.