Mlango wa Mshonaji

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, wala si umepanda ngazi unatia mafuta bawaba ambazo hazijamlalamikia mtu. Dada ameniandikia kwamba macho yako yamepungua nguvu tena na sasa yeye ndiye anayekusomea. Basi dada, shikamoo nawe, na tafadhali usiruke mstari hata ukiona ndugu yako anajiaibisha. Mama hajambo? Presha imetulia? Sisi huku ni wazima. Mkwe wako anakuamkia, wajukuu wanakua, na yule mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi.

Najua umeshasikia kwamba nilisimama mahakamani. Habari za namna hiyo hukimbia kuliko barua, na sijui zilikufikia zimevaa nguo gani. Ndiyo maana nakueleza mwenyewe, toka mwanzo.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa dukani nachonga ufunguo wakaingia askari watatu. Mkubwa wao ni mtu mpole wa sauti, nguo zake zimepigwa pasi vizuri kuliko za bwana harusi. Akasema wanataka mlango mmoja ufunguliwe, mtaa wa pili, na wasingependa kuuvunja kwa sababu mwenye nyumba ameomba asitiwe hasara. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa nje, anazungusha kofia mikononi kama mtu aliyeitwa shuleni kwa kosa la mwanawe. Nikauliza mpangaji yuko wapi. Nikaambiwa ametoka kupeleka nguo za wateja. Nikauliza kama wana hati ya mahakama. Mkubwa akagonga mfuko wa shati, karatasi ikasikika humo ndani, akasema kila kitu kipo.

Baba, wewe ulinifundisha kwamba kazi ya fundi kufuli si kufungua, ni kuuliza kwanza, na ukiuliza usiondoke hujajibiwa. Mimi niliuliza, nikajibiwa na mfuko wa shati, nikaridhika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikachukua mkoba wa zana nikawafuata.

Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Kitasa kilikuwa cha aina ile ya zamani unayoiita mbishi, yenye ulimi mzito. Nilihangaika nacho dakika nne hivi. Kilipoachia, nilifurahi. Sitakuficha hilo. Mkono ulijisifu kabla kichwa hakijauliza unajisifia nini.

Mle ndani alikuwa anaishi mama mmoja mshonaji. Cherehani iko dirishani, kitanda kimetandikwa bila kunyanzi, pini zimepangwa kwenye sponji, na gauni la harusi limetundikwa likiwa na mkono mmoja tu. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba ghala fulani liliibwa na watu waliovaa sare za bluu za walinzi, na mtu asiyejulikana akanong'ona kwamba mshonaji huyu anashona nguo za bluu. Ushahidi wao wote ulikuwa huo mnong'ono.

Wakaanza. Walifungua sanduku la nguo zake za ndani, askari mmoja akazinyanyua kwa ncha ya kalamu akacheka, kisha akanyamaza alipoona anacheka peke yake. Waliinua godoro. Walimwaga kopo la vifungo. Walichukua vitambaa vya bluu, na wakachukua daftari lake la vipimo, ambamo mlikuwa na vifua, viuno na nyonga za wanawake wa mtaa mzima, na majina yao, na namba zao za simu. Kuna waume mtaani kwetu wasiojua vipimo hivyo, lakini siku ile askari watatu walivijua.

Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, mkoba miguuni, nikijifanya sipo.

Kisha akatokea mwenyewe mlangoni, mfuko mtupu mkononi. Nilitarajia apige kelele, lakini alitazama chumba chote, polepole, kama anayehesabu watoto wake. Akauliza nani amefungua. Askari wote wakanigeukia mimi, na yeye akaitazama koleo yangu.

"Ungengoja tu," akaniambia. "Nilikuwa narudi."

Wakamchukua. Alikaa mahabusu siku tisa hadi dada yake alipofanikiwa kumdhamini. Siku hizo tisa, kila nilipopita mtaa ule niliona dirisha lake, na lile gauni la mkono mmoja likining'inia bila fundi.

Kesi ilipokaribia, yule mkubwa alikuja dukani peke yake. Akaketi, akauliza habari za watoto. Akasema nitaitwa kutoa ushahidi, na kwamba ingesaidia kama ningekumbuka kwamba nilionyeshwa hati. Hakunitisha hata kidogo. Akataja tu kwamba kibali cha kuchonga funguo hupitia kwenye meza yao kila mwaka, na changu kinakaribia kuisha. Halafu akanitakia kazi njema.

Nilimweleza mkwe wako. Alinisikiliza huku anakunja nguo, kisha akaniuliza swali moja tu: kama angefunguliwa yeye mlango akiwa kazini, ningependa fundi wa kufuli aseme nini mahakamani. Akaendelea kukunja. Unamjua, hana maneno mengi, lakini akikupa moja unalala nalo.

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka alisema upekuzi ulikuwa halali kwa sababu mwenye nyumba aliruhusu. Wakili wa mshonaji, kijana mwembamba ambaye koti lilikuwa linamvaa yeye, akamuuliza mwenye nyumba kama huwa anaingia chumba kile. Akajibu huingia mara moja moja, kutazama bomba. Akaulizwa kama hubisha hodi. Akasema ndiyo, hubisha.

"Kwa nini ubishe hodi kwenye nyumba yako?"

Mwenye nyumba akazungusha kofia yake. "Kwa sababu yeye ndiye anayeishi mle," akasema.

Ikafika zamu yangu. Nikaulizwa kama niliona hati. Nikasema nilisikia karatasi mfukoni, sikuomba kuisoma. Nikaulizwa kwa nini. Nikasema niliogopa. Watu wakaguna. Kisha nikasema na lile lililobaki: kwamba tulipokuwa mle ndani, mkubwa wao aliitoa ile karatasi, akaikunjua juu ya cherehani ili aandike humo namba za simu kutoka kwenye daftari la vipimo, na niliiona pande zote mbili. Ilikuwa tupu. Yule mkubwa hakunitazama. Alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye goti lake.

Hakimu ni mama wa makamo anayekohoa kila baada ya sentensi. Alisema mtu akipanga chumba na kukifunga, anatarajia kwamba alichoacha ndani kitabaki chake, na ana haki ya kutarajia hivyo. Mwenye nyumba anaweza kukaribisha wageni uani kwake, akasema, lakini hawezi kuwakaribisha katika maisha ya mpangaji. Palikuwa hakuna moto, hakuna mtu anayekimbia, na mahakama ilikuwa wazi hatua mia mbili kutoka pale. Basi vitu vyote vilivyochukuliwa vikakataliwa kuwa ushahidi, na bila vitu hivyo mashtaka yakabaki kama koti lisilo na mtu. Mshonaji akaachiwa. Vile vitambaa, ikajulikana, vilikuwa vya aproni za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni.

Watu walinishika mkono nje. Wakili akanishukuru. Jirani mmoja akaniita mkweli mbele ya umati. Kibali changu, kwa upande mwingine, hakijarudi hadi leo, wiki ya tano hii. Nimekwenda mara tatu, naambiwa kinashughulikiwa. Kwa sasa narekebisha bawaba na madirisha, hatulali njaa, usiwe na wasiwasi.

Baba, kama ingekuwa ni hayo tu, ningekupigia simu tukamaliza. Nimeandika kwa sababu kuna jambo ambalo sikuulizwa mahakamani, nami sikulisema.

Nilipokaa kwenye kile kigoda, pembeni ya mto wake palikuwa na daftari jingine, limevalishwa kitambaa cha maua. Askari hawakuligusa. Mimi nililigusa. Sikuambiwa na mtu, wala sikuwa natafuta kitu. Nililifungua katikati nikasoma ukurasa mmoja. Humo alikuwa anazungumza na mwanawe aliyefariki. Alimwambia kwamba siku ile ameshona gauni la msichana wa miaka sita, na kwa kuwa mteja alisahau kuleta vipimo, amelikata kwa kukisia urefu ambao yeye, mtoto wake, angekuwa nao sasa. Na kwamba mteja alipokuja na msichana kulichukua, lilimkaa sawasawa.

Nikalifunga, nikalirudisha kabla hawajageuka.

Mahakama nzima ilijadili nani alikuwa na haki ya kuingia na nani hakuwa nayo, na mimi nikasimama pale nimevaa shati jeupe, naitwa mkweli. Askari walipekua chumba, Baba. Aliyempekua yeye nilikuwa mimi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilibisha hodi, nikangoja, akanifungulia. Nikamwambia nikiwa nimesimama palepale kizingitini. Aliweka mkasi chini.

"Ulisoma ukurasa gani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akatazama nje dirishani. Kisha akasema kwamba hata dada yake hajui kama daftari hilo lipo. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba, kwa sababu niliona nikiomba nitakuwa namwongezea kazi. Nikamwambia kitasa chake nilipokichokonoa nilikiumiza, na kama atakubali nitamwekea kipya. Akakubali kwa kichwa.

Alisimama karibu yangu muda wote nikifanya kazi. Nilipomaliza nilimpa funguo zote tatu, na kile kibati chenye namba ambayo bila hiyo hakuna fundi anayeweza kuchonga nyingine. Akavipokea mkono mmoja, kwa mwingine akanionyesha korido. Nikatoka. Akafunga mlango nyuma yangu. Nikasikia ufunguo ukizunguka, mara ya kwanza, mara ya pili.

Nikabaki nimesimama pale na mkoba wangu, sijui nangoja nini. Ikatoka sauti yake upande wa pili, imetulia kabisa:

"Kinafunga vizuri, fundi. Nenda sasa."

Nikaenda.

Hayo ndiyo yangu, Baba. Ukiwa na neno la kunikemea, usilipunguze makali kwa sababu nimekiri. Msalimie Mama, mwambie ile dawa ya kifua aliyoagiza, mkwe wake ataituma wiki ijayo. Wasalimu majirani wote wanaoniulizia, hata yule anayesema nilikuwa mtoto mtundu, maana hakukosea. Mungu akuzidishie siku, na mguu upone.

Ni mimi mwanao wa pili,
anayekuheshimu daima.