Mnyama Aliyesimama Kwenye Chumvi

Bagamoyo,
1 Februari 2026

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi ya hifadhi inaendelea salama. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na masomo nayafuata.

Mwalimu wa Kiswahili ametupa insha: je, siku hizi watu bado hutumiana kadi za sikukuu na za kuzaliwa? Aliuliza ni nani amewahi kupokea kadi kwa posta. Tulinyoosha mikono wawili tu, mimi na Shazia. Arafa akasema, "Kadi ya nini? Dada yangu akitoa heri ya Idi anabonyeza mara moja tu, inawafikia wote mpaka fundi bomba!" Darasa zima likacheka.

Mimi niliandika kwamba ujumbe wa simu hupelekwa kwa wengi, lakini kadi hununuliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nikaeleza jinsi Mama alivyokuwa akinunua kadi dukani kwa mzee Dhirajlal, moja ya Idi na moja ya siku yangu ya kuzaliwa, akaandika maneno yote mwenyewe, kisha akakupa wewe kalamu uweke jina lako chini. Mwalimu alinipa alama nzuri. Sikulia nilipoandika. Hata siku ya mazishi nilikuwa hivi hivi.

Tarehe kumi nitatimiza miaka kumi na mitano.

Baba, likizo ya Desemba nilikaa Kaole kwa Shangazi Sada, na alinitunza vizuri. Lakini Idi hii naomba nije nyumbani Saadani. Tangu tulipomzika Mama mwezi wa Agosti sijaingia nyumbani kwetu. Naomba unijibu.

Mwanao,
Saida


Saadani,
16 Februari 2026

Mwanangu Saida,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako nililetewa na Mohamedi, dereva wetu, siku ya Jumamosi.

Huku mvua bado. Tembo wameingia kwenye migomba ya Bi Habiba, tumewafukuza wamerudi.

Kadi hapa hakuna. Duka la Ally lina sabuni na betri.

Idi kaa Kaole kwa shangazi yako. Mimi siku hizi nalala kituoni, nyumba nimeifunga. Hakuna wa kukupikia.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Hija


Bagamoyo,
22 Februari 2026

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Je, mnapata futari nzuri huko kituoni? Sisi swaumu inakwenda vizuri.

Nimesoma barua yako. Nitakaa Kaole kama ulivyosema.

Siku yangu ya kuzaliwa ilipita salama. Tulikuwa na mtihani wa Hisabati. Jioni mwalimu wa zamu aligawa barua, akamaliza, akaondoka, nami nikabaki nimesimama palepale. Shazia akaniuliza, "Unangoja nini?" Nikamwambia sijui. Usijali kuhusu kadi.

Kupika ninajua. Mama alinifundisha wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Nimesema tu ili ujue.

Mwanao,
Saida


Saadani,
9 Machi 2026

Mwanangu Saida,

Asalamu aleikum. Hujambo? Mimi sijambo.

Nilimwagiza Mohamedi kadi huko Bagamoyo, akaniletea mbili, moja ya maua na hii. Nimechagua hii. Haya maneno ya dhahabu ni Kiingereza, siyajui, ila yanang'aa kisikukuu.

Mnyama huyu wa kwenye kadi nimemtazama sana. Si kuro, si palahala. Miaka yote ya hifadhi sijamwona. Pembe zake zina matawi kama mkoko. Amesimama peke yake kwenye chumvi, kama mashamba ya chumvi ya hapa kwetu. Sijui anatafuta nini. Chumvini hakuna majani.

Nikakukumbuka.

Kadi ya kuzaliwa na ya Idi ni hiyo hiyo moja. Mama yako angeandika vizuri zaidi. Mimi nilizoea kuweka jina tu.

Baba yako,
Hija


Bagamoyo,
13 Machi 2026

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na kadi imefika salama bila kukunjika. Ahsante sana. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu.

Bweni zima limekuja kuitazama. Arafa alianza kucheka. Nikamwambia, "Hii imetoka kwa baba yangu," akaacha. Shazia aliniuliza kama unajua Kiingereza. Nikamjibu kwamba unajua wanyama.

Baba, nyuma ya huyo mnyama, pembeni kabisa, kuna nyumba. Ni ndogo sana na dirisha lake lina mwanga. Hukuitaja. Naona mnyama ameelekeza uso huko. Labda ni kwao.

Nakutakia Idi njema.

Mwanao,
Saida


Saadani,
16 Machi 2026

Mwanangu Saida,

Marahaba. Mimi mzima.

Jana nilimuuliza Yusuf wa getini, anayezungumza na watalii, ni mnyama gani mwenye pembe za matawi, anayesimama chumvini. Nikamweleza na yale maneno ya dhahabu yalivyoandikwa. Alicheka mpaka akavua kofia. "Mzee Hija! Umempelekea mtoto heri ya Krismasi katikati ya Ramadhani! Na hiyo si chumvi, ni theluji!"

Mbona hukuniambia? Mama yako angeniambia siku hiyo hiyo. Angecheka mpaka ashike mlango, halafu angekwenda kumhadithia Bi Habiba. Nilikaa pale getini nikamsikia kabisa anavyocheka. Tangu Agosti nilikuwa sijamsikia.

Nikatoka pale nikaenda kufungua nyumba. Popo walikuwa wameingia jikoni, nimewatoa. Nimefagia. Kitanda chako kiko palepale. Kamba nimemwagiza Bi Habiba, wali utaupika wewe.

Shangazi yako nimempigia simu, anajua. Alhamisi nakuja kukuchukua mwenyewe kwa gari ya Mohamedi.

Njoo na ile kadi. Hiyo nyumba yenye mwanga, mimi sikuiona.

Baba yako,
Hija