Matope ya Bibi Yamefika Taj Mahal

Agra, Jumatatu

Bibi yangu, shikamoo. Nabusu mikono yako yote miwili.

Umeshinda! Mwite Shangazi Zuwena asomewe kadi hii kwa sauti, maana ndiye aliyecheka kuliko wote.

Leo mume wangu kanipeleka Taj Mahal, kaburi la marumaru ambalo mfalme alimjengea mkewe. Nilitaka kuliona jeupe kama hapa kwenye picha, nakuta ukuta mzima umepakwa matope! Kwa Kihindi changu cha sinema nikamvaa fundi: “Mbona mnalichafua?”

Akacheka. “Moshi umeligeuza manjano. Udongo huu unavuta uchafu, ukikauka tunauosha. Hii dawa ya bibi zetu, wakiwapaka maharusi usoni.”

Bibi, machozi yalinitoka. Nilikuona na bakuli lako, udongo wa kwetu Bahla na marashi ya mawaridi ya mlima Jebel Akhdar, umenichanganyia wiki ya harusi yangu. Na mie nikasema mbele ya watu kuwa sipakwi matope, naenda saluni, wakacheka. Ukaenda kuumwaga chini ya mdimu.

Fundi akanipeleka upande uliokwisha kuoshwa, nikaugusa. Wallahi, una zaidi ya miaka mia tatu na unang'ara kama bi harusi anapotolewa nje!

Tunarudi nyumbani Nizwa Alhamisi. Mungu aitunze mikono yako hiyo, nawe uchanganye bakuli tele. Nitakaa chini mbele yako, watu wote wakiona. Marumaru ya mfalme imekubali kupakwa, mie nani nikatae?

Mjukuu wako mkaidi,
Rahma