Fimbo Niliyoinywesha Chumvi

Alhamisi, alasiri. Kisarawe, nyumbani kwa shangazi.

Joto la kuudhi. Mawingu yamejikusanya upande wa Pugu tangu saa sita na hayataki kuamua. Mimi pia sijaamua. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka mlangoni, nimerudi. Shangazi Mwajuma amenipita mara mbili akinitazama miguu.

Mezani, karibu na daftari hili, ipo fyuzi. Kigae cheupe chenye ukubwa wa kidole gumba, na kipande cha waya katikati. Asubuhi nimeing'oa kwenye zahanati ya misheni, mwendo mfupi kutoka hapa. Sista anayesimamia zahanati nimemwambia nakwenda kuisafisha.

Uongo. Fyuzi haisafishwi.

Ngoja niandike tangu mwanzo, labda miguu itatulia.

Umeme wa zahanati ile niliufunga mimi, miezi miwili iliyopita, katikati ya kiangazi. Jenereta nje kwenye kibanda, taa za wodini, soketi ya chungu cha kuchemshia vyombo vya tiba, na soketi moja kwenye chumba cha kufulia kwa ajili ya pasi. Anayepiga pasi pale ni shangazi huyu huyu aliyenilea. Siku pasi ile ilipopata moto bila mkaa, alitangaza kwa ndugu zake wote, Mzenga mpaka Chole, kwamba mtoto wake amewashika majini na kuwaingiza kwenye waya. Nilimwambia aache. Moyoni sikutaka aache.

Kazi ilikuwa ya Fundi Karimu, tajiri wangu wa Dar es Salaam. Miaka yote amewatumia mafundi Waafrika kupanda ngazi na kuchimba, ila kalamu ya kutia sahihi kwenye hati ya kazi hakumpa hata mmoja. Mimi nilikaa na kitabu cha kanuni cha Kiingereza, kamusi pembeni, mpaka kurasa zikalegea. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikapewa cheti cha ufundi. Zahanati hii ndiyo ilikuwa hati yangu ya kwanza. Kalamu alinipa mimi.

Sasa kuna jambo la fimbo. Chuma cha pasi kikiguswa na umeme kwa hitilafu, umeme ule unatakiwa ukimbilie ardhini, kupitia waya wa ardhi na fimbo ya shaba tunayoipigilia nje. Ukikimbia kwa nguvu, fyuzi inakatika na pasi inakufa. Ardhi ikikataa kuupokea, fyuzi inakaa kimya, na umeme unabaki pale pale kwenye pasi ukisubiri mkono.

Ardhi ya pale ilikataa. Mchanga mkavu, mwepesi, fimbo imezama yote na bado kipimo kibaya. Kanuni inasema wazi la kufanya: ongeza fimbo, shuka chini zaidi, tafuta udongo wenye unyevu. Udongo huo upo, bondeni karibu na kisima. Ni kuchimba mfereji wa siku mbili, si zaidi.

Bwana Mkaguzi wa umeme, wa Dar es Salaam, alikuwa anafika kesho yake asubuhi.

Basi nikafanya tunachofanya sote. Nilitia chumvi ya mawe kwenye ndoo ya maji, nikaimimina taratibu kwenye shina la fimbo, nikaongeza ndoo ya pili, nikafukia na mchanga mkavu juu ili doa lisionekane. Sisi tunaita kuinywesha fimbo: mchanga ukilowa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa siku chache. Hakuna fundi asiyejua, wala hakuna kitabu kilichoandika. Asubuhi Bwana Mkaguzi akazungusha mkono wa mashine yake, akatazama mshale, akasema vizuri sana. Nami nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema nimepima na nimekuta ardhi ni salama.

Nilitembea siku ile kama bwana harusi.

Maji ya chumvi hayakai mchangani, yanashuka na jua linamaliza kilichobaki. Nilijua hivyo, tena nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani.

Hesabu yangu ilikuwa masika. Nilijiambia mvua haiko mbali, mvua ikianza ardhi italowa yenyewe, kila kitu kitakuwa kweli kama nilivyoandika. Tangu hapo nimeitamani mvua kuliko wakulima wa Kurui. Nimehamia Kibaha kufunga umeme kwenye ghala la shamba la mkonge, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso natazama juu. Wenzangu wakadhani nina shamba la siri.

Jumapili nilikuja kumsalimu shangazi. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Tunakula, anacheka, ananionyesha kiganja chake cha kulia.

"Ile pasi yako, baba, siku hizi inanitekenya."

Nikamuuliza inamtekenya vipi.

"Inatekenya tu. Nikishanyunyiza maji kwenye mashuka nikaishika, mkono unakufa ganzi mpaka hapa." Akagusa kiwiko. "Mwanzo niliogopa. Sasa nimeizoea. Si ndiyo umeme wenyewe?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Anasimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, mkono umelowa, ameshika chuma kinachovuja, na anadhani ndivyo umeme ulivyo. Kwa nini asidhani? Umeme ameujua kwangu.

Nikamwambia asiishike mpaka niitazame. Akaniuliza mashuka ya wagonjwa atayapiga pasi kwa makalio? Nikacheka. Nikapanda baiskeli, nikarudi Kibaha.

Nimeandika hivyo, nilirudi Kibaha. Jumatatu nilikuwa juu ya ngazi ghalani nikifunga holda ya balbu, nikasahau kuiunganisha na waya. Jumanne nilikata waya mfupi mara tatu. Jana nilisikia ngurumo nikatoka nje mbio, kumbe lori linashusha mapipa. Siku tatu nzima yule mama anaendelea kunyunyiza maji na kushika pasi, nami nasubiri mawingu yanifichie kosa. Naona haya kuyaandika haya, lakini yako hivyo.

Leo alfajiri nikamwambia msimamizi wa ghala nina mgonjwa. Nikaja kwa baiskeli mpaka mapaja yakawaka.

Sikuwa na mashine ya Bwana Mkaguzi. Nilikuwa na taa yangu ya kujaribia, balbu moja na nyaya mbili. Waya mmoja kwenye umeme, mwingine kwenye fimbo. Ardhi ikiwa nzima, balbu inawaka kama ilivyo wodini. Ile iliwaka wekundu hafifu, kama sigara inayokaribia kuisha. Niliikinga na jua kwa kofia ndipo nikaiona.

Nikaenda kwenye kabati la fyuzi, nikang'oa ya soketi zote. Taa nimeziacha, ziko juu, haziguswi na mtu. Sista akatoka na chungu chake cha vyombo mkononi.

"Kuna hatari, fundi?"

"Hapana, Sista. Ni vumbi tu. Naisafisha, naileta."

Mwanamke mwenye heshima zake, amesimama kuniuliza swali lenyewe kabisa, na mimi nikamjibu vumbi.

Niseme ninachoogopa. Naogopa kunyang'anywa cheti. Naogopa zaidi uso wa Fundi Karimu, kwa sababu hatashangaa. Atasema aliwaambia watu tangu zamani kwamba kalamu si ya Waafrika, na atakayefuata baada yangu, aliyekesha na kamusi yake kama nilivyokesha, atarudishwa kwenye ngazi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Halafu najiuliza, je, ni huyo atakayefuata ninayemwonea huruma au najitafutia mahali pa kujificha?

Shangazi ametoa pasi yake ya zamani ya mkaa. Amechukua mashuka ya zahanati na kuyaleta nyumbani, anapuliza makaa uani, na kila akipuliza ananitupia neno.

"Kuniletea umeme uniletee wewe, kuninyang'anya uninyang'anye wewe."

Nimeacha kuandika kidogo.

Nimerudi. Mvua imeanza.

Ilianza kwa matone makubwa ya kuhesabika, tukakimbia naye kuingiza mashuka na makaa, sasa inapiga makuti ya paa hata sijisikii nikivuta pumzi. Mvua ya haki. Huko zahanati mchanga unakunywa. Kesho nikirudisha fyuzi na kujaribu tena, balbu itawaka vizuri kabisa. Nitabadilisha waya wa pasi unaovuja, Sista atanishukuru, hati itakuwa kweli, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Mpaka kiangazi kijacho, mchanga ukikauka, shangazi akinyunyiza maji.

Basi nikamwambia shangazi. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukitazama maji yanavyopita uani. Nikamweleza fimbo, chumvi, mshale wa mashine, sahihi. Nikamweleza kwamba ile haikuwa kutekenywa, ni umeme uliokosa njia ukawa unapita kwenye mwili wake, na kwamba siku moja usingemtekenya, ungemuua.

Alikitazama kiganja chake, akakigeuza, akakiingiza ndani ya kanga kama mtu anayesikia baridi.

"Jumapili nilipokwambia, ulikuwa unajua?"

Nimeinama kukunja mashuka badala ya kumjibu. Ameinuka kwenda kutazama makaa yake.

Kesho mapema naanzia kwa Sista, nimwambie si vumbi. Kisha nateremka Dar es Salaam kwa Bwana Mkaguzi, mvua inyeshe isinyeshe, fyuzi ikiwa mfukoni mwangu, na daftari hili kama akitaka ushahidi. Nitamwomba jambo moja tu, nichimbe ule mfereji mpaka bondeni kwa mikono yangu kabla hajanichukulia cheti. Akikataa nitauchimba bila cheti. Kuchimba hakuhitaji sahihi.

Ataniuliza tu lini nilijua. Wakaguzi wote huuliza hivyo. Nitamjibu kwa mdomo wangu, kisha nitarudi hapa kumjibu aliyeniuliza kwanza.