Mkunga wa Ng'ombe

Njombe,
Jumapili mchana.

Mama Tluway wangu,

Barua hii ikukute umekaa, maana ikikukuta umesimama najua utaisoma huku unafanya kazi nyingine. Mimi ni mzima. Ninyi je? Kikohozi cha Neema kimeisha? Na mama, mgongo wake unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, asije akasema mwanawe amekuwa mtu wa mjini.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Eti umeshika plau mwenyewe, Veronika wetu akiongoza ng'ombe, mkamaliza shamba la juu kabla ya wote, na baba mdogo akasimama mpakani kutafuta kosa asilione! Nilimsomea mwenye nyumba wangu kipande hicho mara mbili. Akaniuliza ninawezaje kumwacha mke wa namna hiyo miaka mitatu. Nikamwambia sikumwacha, yeye ndiye aliyenituma. Si wewe uliyesema nikiendelea kufagia zahanati mpaka nizeeke, utaninunulia ufagio wa kuzikwa nao?

Hapa wananiita Mzee. Darasani nimekaa na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Asubuhi nakamua ng'ombe wa mwenye nyumba, ndiyo kodi ya chumba changu, kisha nakimbia chuoni ninanukia maziwa. Kwenye fomu niliandika natoka mkoa wa Arusha, mkufunzi akanikumbusha kwamba siku hizi sisi ni Manyara. Masomo ya uuguzi ni magumu, lakini ile miaka ya kuosha vidonda pale zahanati haikupotea bure. Sindano na dawa hazinisumbui.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Kila mwanafunzi ana kitabu cha mazoezi, na ndani yake lazima kuwe na sahihi kwamba amemsaidia mama kujifungua. Bila sahihi hiyo huendelei na mwaka wa pili. Ukurasa wangu ulikuwa mtupu. Kila zamu yangu ya wodi ya wazazi ilipofika, nilibadilishana na wale wasichana, wao waingie, mimi niwafulie mashuka na kuwabebea maji. Cheka tu. Mimi, ambaye kuanzia Gendabi hadi Hirbadaw ng'ombe akishindwa kuzaa wananiita, niliogopa mlango. Lakini unajua tulivyolelewa. Mke akishikwa na uchungu, mwanaume anatoka nje, anakaa huko mpaka aitwe. Watoto wetu wanne wote nimeonyeshwa wakiwa wameshafungwa nguo.

Sista mkuu wa wodi akagundua. Ni mdogo sana kwangu. Kila asubuhi ananiamkia, naitikia, halafu ananigombeza. Siku hiyo aliniita pembeni, akaniamkia kwanza kama kawaida yake, kisha akasema, "Baba, mwezi huu ukiisha bila sahihi, utarudi nyumbani. Au wanawake wa kwenu watazalishwa na mashuka?"

Sikulala vizuri siku zile. Nilijiona nashuka stendi ya Katesh na sanduku langu, wewe umekuja kunipokea, mikono imechubuka kwa plau. Ningekuambia nini? Kwamba wewe umelima shamba zima, na mimi nimeshindwa kuvuka kizingiti?

Jumatano nikaingia. Nilimkuta binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, mama yake ametoka kumtafutia uji. Nilisimama palepale mlangoni, mkono kwenye kitasa, natafuta sababu ya kugeuka. Uchungu ukamwachia kidogo, akafumbua macho, akaniona.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mama Tluway, mtu katika hali ile! Jasho linamtiririka, midomo imemkauka, na bado ananipa heshima yangu. Nikasema marahaba. Mtu akishakuamkia hivyo huwezi tena kumpa mgongo. Nikamsogelea, akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulikaa hivyo mpaka mchana. Bila kujijua nikaanza kupiga ule mluzi wangu wa chini chini, unaujua, wa kumtuliza ng'ombe anayezaa. Sista akanikanyaga mguu. Nikanyamaza kwa aibu, lakini binti mwenyewe akasema niendelee, unamtuliza. Basi nikaendelea. Wakati wake ulipofika nilinawa, nikavaa glovu, sista akasimama nyuma yangu akinielekeza neno kwa neno. Akazaliwa mtoto wa kike, akalia, na mikono hii ndiyo iliyompokea. Sista alisaini siku ileile. Sirudi nyumbani, naendelea na mwaka wa pili.

Kisha nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia nikalia. Si kwa ajili ya sahihi. Nimewasaidia ng'ombe wengi kuzaa, nikajiona fundi, kumbe sikujua lolote. Sijaona kazi nzito kama ile, wala ushujaa kama ule. Na wewe umeifanya mara nne, karibu yangu kabisa, nikiwa nimekaa nje nachonga mpini wa jembe.

Unakumbuka siku aliyozaliwa Safari? Yule ng'ombe wetu mwekundu naye alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya. Nilimhangaikia tangu asubuhi, nambembeleza kwa mluzi, na wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta ukinisikia. Ndama alipotoka mzima nilikuja mbio mpaka dirishani kukuambia. Safari alikuwa ameshazaliwa, mama hajapata hata nafasi ya kutoka kuniita. Ukanijibu kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Hongera." Nikaipokea, nikarudi kwa ndama. Jioni majirani wakaja kunishika mkono, hongera baba, hongera, nazo nikazipokea zote. Sikukuuliza hata unaendeleaje.

Msalimie mama, mwambie kazi ya mikono yake iliyompokea Safari sasa naielewa. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, na umwulize matuta yako aliyaonaje. Yule mama mwenye duka pale Katesh anayetutunzia barua, mshukuru sana. Tluway asiache shule kwa kisingizio cha mifugo. Likizo ninakuja, na kukamua kote kutakuwa kwangu.

Kipande hiki kilichobaki kisome peke yako.

Kwa Tluway, hongera. Kwa Veronika, hongera. Kwa Neema, hongera. Na kwa Safari, hongera, mke wangu. Ile uliyonipa mimi dirishani ilikuwa yako.

Ni mimi,
Baba Tluway