Zamu ya Mwisho Kwenye Ndiva

Mwanza

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Goti linaendeleaje, na tangawizi ya mwaka huu imeshachimbwa? Mimi ni mzima, tena leo nimepika makande sufuria nzima, majirani wamekula mpaka wakauliza kuna sherehe gani. Ipo, Baba! Nimeshinda.

Unajua kazi yangu hapa benki ni kupima hatari kabla mkopo haujatoka. Sasa, mwenye hisa nyingi kuliko wote alitaka tutoe mkopo mkubwa mno wa hoteli moja ya kitalii. Hoteli ikifana, gawio nono ni lake. Ikianguka, yeye anapoteza hisa zake tu, ila akiba za walimu na wauza dagaa zinakwenda na maji. Meneja akanibana nisaini: "Namsifu, kazi unaitaka au huitaki?"

Kwenye kikao cha bodi nikasimama, nikawasimulia ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kwamba wewe ndiye uliyepanga zamu za maji, na wenye mashamba ya juu walikuja kukubembeleza ufungue mlango wote wa maji, maana wao wanamwagilia kwanza, na ndiva ikikauka wanaoumia ni wa chini. Ukaweka sharti: anayetaka ufunguliwe zaidi, achukue zamu ya mwisho.

Nikamgeukia mwenye hisa mwenyewe. "Mzee, uko tayari kuwa wa mwisho? Weka majengo yako dhamana, hoteli ikianguka walipwe kwanza wenye akiba."

Akacheka. "Binti, hapa si Upareni."

"Ndiyo maana nauliza, mzee."

Wawakilishi wa wenye hisa ndogo wakapiga makofi. Yeye akafunga faili lake. Mkopo ukakataliwa, na sharti lako sasa limo kwenye kanuni za benki! Meneja siku hizi ndiye anayewahi kunisalimu.

Msalimie Mama, khanga zake zinakuja. Msalimie na kaka huko Kisiwani na ng'ombe wake, na mchungaji wa kanisani, ambaye najua ndiye anayekusomea haya kwa kuwa miwani imepotea tena.

Baba, mwaka ule wa ukame wewe mwenyewe uliona ni lazima mlango ufunguliwe zaidi, ukajipa zamu ya mwisho. Mahindi yetu yakakauka, nami nikakununia mpaka Pasaka. Nisamehe. Ungemwagilia kwanza mwaka ule, juzi ningesaini.

Bintiyo,
Namsifu